Naomba ushauri: mimea ya kusafisha maji ya bwawa la samaki, Ujiji

Habari zenu wakuu. Nafuga perege huku Ujiji. Maji ninayoyatoa bwawani yamejaa mwani, kijani kizito, na yanaelekea mto Luiche. Hilo linaniuma. Nataka kwanza yapite kwenye shimo lenye mimea inayonyonya nitrojeni na fosforasi.

Magugu maji yananyonya sana, ila siyataki kabisa: yamelitesa Ziwa Victoria, na Luiche inamwaga Tanganyika. Nafikiria mafunjo au matete. Najua lazima yavunwe, maana yakiozea humo virutubisho vinarudi majini.

Bwawa ni mita 10 kwa 20. Shimo liwe na ukubwa gani? Mafunjo nivune kila baada ya muda gani? Na azola (mmea mdogo unaoelea majini) je, kuku wanaila mbichi au mpaka ianikwe?