Mama ana kisukari, mlenda na mtama vinasaidia figo kweli?

mtoto_wa_chamwino
Wakuu habari za saa hizi. Bimkubwa wangu ana miaka 61, sukari anayo mwaka wa 9 huu, wiki iliyopita kliniki wamempima mkojo wakakuta protini imeanza kutoka, ila kriatinini (kile kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyochuja) wanasema bado iko poa. Sasa shangazi kasema arudi kwenye ugali wa mtama na mlenda, jirani naye kamwambia ubuyu unasafisha figo basi kila asubuhi jagi zima. Nimesoma eti bakteria wa tumboni wanatengeneza vitu kutoka kwenye mimea vinavyolinda figo, ni kweli? Naogopa wakuu, ndiye mzazi niliyebaki naye.

nesi_wa_makulu
Pole sana ndugu. Shangazi hajakosea. Nyuzinyuzi za mtama, kunde, mlenda sisi hatuwezi kuzimeng'enya, zinafika utumbo mpana kama zilivyo, huko bakteria wanazichachua wanatoa asidi ndogondogo zinazoitwa butireti, asetati na propionati. Butireti ndiyo inalisha ukuta wa utumbo, ukuta ukiwa imara sumu hazivuji kuingia kwenye damu. Panya wenye kisukari waliolishwa nyuzinyuzi nyingi figo zao ziliumia kidogo kuliko wenzao, kwa binadamu ushahidi bado mchache. Na bakteria wakikosa nyuzinyuzi wanahamia kwenye protini, hapo zinatoka taka ambazo figo ndiyo inabebeshwa kazi ya kuzitoa. Ila mtama usikobolewe, ukishakuwa mweupe pee umebaki wanga, na hata usiokobolewa unapandisha sukari, tonge liwe la kiasi. Anatumia dawa gani?

binti_mpwapwa
Mlenda sawa lakini MAGADI jamani!! Mama mkwe alikuwa anatia kipande kama kiberiti kwenye kasufuria kadogo ili uvutike, na chumvi juu yake, miguu ikawa inavimba ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Magadi ni sodiamu ileile ya kwenye chumvi, presha inapanda na figo ndiyo inaumia. Tulimwachisha magadi, tukawa tunaunga kwa karanga za kusaga, alilalamika wiki mbili hivi akazoea, na dawa za presha hakuacha hata siku moja.

mtoto_wa_chamwino
Aisee magadi anatia kila siku, sikuwahi kuwaza. Dawa ni metformini ya sukari na losartani ya presha.

nesi_wa_makulu
Hapo kwenye losartani ndipo nataka unisikilize. Ni dawa nzuri, inapunguza hiyo protini kwenye mkojo, asiiache. Lakini inabakiza madini ya potasiamu mwilini, na ubuyu una potasiamu nyingi sana, figo zikianza kuchoka ikazidi kwenye damu moyo unaweza kupiga vibaya. Jagi zima kila siku hapana, asimamishe kwanza, mkirudi kliniki mwambie daktari kuhusu huo ubuyu na muombe wapime potasiamu pamoja na kriatinini.

mtoto_wa_chamwino
Asante sana dada zangu. Nimempigia sasa hivi, jagi la leo lilikuwa limebaki nusu, kakubali kuwapa wajukuu. Magadi ndiyo tunabishana bado.