NIMEAGIZA PS5 YA SIDI NIKALETEWA ISO NA TUNDU, WENYE MADUKA MTATUUA!!

Jamani mniwie radhi nikiandika ovyo, nimekasirika hadi mikono yatetema. Nina banda la gemu huku Lamu, Langoni, mashine za gemu za PS4 mbili na tivii mbili, mtoto analipa mbao (shilingi 20) mechi moja. PS4 moja ikafa, fundi kuifungua ndani kutu tupu, chumvi ya bahari imekula feni. Nikajikaza miezi saba nikaweka pesa, nikapigia duka moja Mombasa nikawaambia kwa mdomo wangu nataka PS5 YA SIDI, ile mashine mpya ya Sony yenye tundu la kutilia sidi, nikatuma 68,000 kwa simu. Boksi likaja na basi hadi Mokowe, nikalivusha kwa boti nikalibeba mwenyewe toka gatini, kufungua naigeuza huku na huku, tundu hamna. Wamenitumia ya dijitali, ile ya kupakua gemu kwa mtandao tu!

Kuwapigia ati ile nyengine imekwisha, niongeze 15,000 wanitumie kile kidude cha kusomea sidi. Elfu 15! Kidude chenyewe kilipotoka na PS5 nyembamba 2023 kilikuwa dola 80, hiyo ni elfu 10 na ushei, na hata ukikipata lazima uwe na intaneti ndo kishikane na mashine.

Na msinambie ya dijitali ni rahisi. Rahisi kwanini? 2020 ilianza dola 399, ya sidi 499. Mwadhani hilo tundu ndo dola 100? Sony yuwakubali kushusha hapo kwa sababu ukishainunua huna pengine pa kununua gemu ila duka lake la mtandaoni, na gemu ya kampuni nyengine ikiuzwa humo yeye anakata kama asilimia 30. Hata ile ya sidi mwanzo waliiuza kwa hasara, Agosti 2021 ndo wakasema hasara imeisha. Microsoft nao walisema mahakamani Marekani mwaka huo huo kuwa mashine za Xbox hazijawahi kuwapa faida. Pesa yao iko kwa gemu.

Sasa hiyo hasara waliyokula wao, nani huku ameiona? Ikifika kwetu imepita mikono ya walanguzi watatu wanne kila mmoja katia chake, alafu gemu nazo tununue bei kamili! Na hilo duka la Sony la mtandaoni Kenya haimo, twafungua akaunti kwa kujidai tuko Uingereza ama Marekani.

Zamani ungengoja bei ishuke, PS2 ilitoka dola 299 mwaka 2000, kufika 2009 ni 99. PS5 wameipandisha Ulaya 2022 na Marekani 2025, na ile PS5 Pro ilitoka 2024 kwa dola 700, tundu haina kabisa.

Huku twaishi kwa sidi za mkono wa pili. Yangu ya FIFA 23 nimenunua 1,500 kwa kijana wa Mkomani, imeenda Shela imerudi, ya dijitali utamkopesha nani? Jana alasiri mtoto kaja na sidi yake kaifunga kwa kitambaa, kasikia mashine mpya imefika. Nimwambie nini huyu?

Jumatatu napanda basi la alfajiri na boksi langu, sitoki pale dukani bila 68,000 yangu ama mashine yenye tundu. Alioko Mombasa anayejua wapi ya sidi inauzwa bei ya haki aniandikie hapa kabla sijaondoka.