Kifaa cha neva mgongoni: betri ya kuchaji au isiyochajiwa?

Subira
Habari zenu wapendwa. Nimemaliza siku 7 za majaribio ya kile kifaa kinachotuma umeme mdogo kwenye neva za mgongo ili kupunguza maumivu, waya zimepita mgongoni na mashine yenyewe nimeifunga kiunoni kwa mkanda. Maumivu ya mguu yalipungua zaidi ya nusu. Usiku wa tatu nililala mpaka kukakucha, nikaamka nikilia. Sasa kabla ya kuwekewa cha kudumu, ambacho betri yake hukaa chini ya ngozi, natakiwa nichague betri. Daktari anapendelea ya kuchaji kwa kuwa hudumu miaka 10 au zaidi. Mnaoishi nayo mnasemaje?

Mwendo Pole
Hongera dada. Mimi nina ya kuchaji, huu mwaka wa 6, na sijarudi chumba cha upasuaji. Hilo ni jambo kubwa. Lakini kuchaji kwenyewe ndiko watu hawakuelezi. Kila Jumapili jioni nafunga mkanda, naipapasa betri juu ya tako, nasogeza kisahani cha chaja taratibu mpaka rimoti ioneshe kimeshika. Nikiinuka kuchukua maji kinateleza, chaja inalia, naanza upya. Saa nzima inakwisha hapo, na ngozi inapata joto. Nimezoea. Ila kuna wiki niliugua homa nikasahau, betri ikaisha, na maumivu yakarudi yote kama yalivyokuwa mwanzo.

Bibi Tulia
Mwanangu Subira, vidole vyangu vina yabisi, kisahani hicho nisingekiweza. Nilichukua isiyochajiwa. Ya kwanza ilinifikisha miaka 4. Walipoibadilisha walifungua pale penye betri tu, waya hawakuzigusa, jioni nikawa nyumbani. Sitakuficha, kila wakikufungua kuna hatari ya maambukizi, na mimi nilikuwa na hofu kuliko mara ya kwanza. Lakini katikati ya hiyo miaka nilisahau kama nina kitu mwilini.
Kadi yako ya kifaa usiiache nyumbani. Mtaalamu wa viungo aliwahi kutaka kunipa tiba ya joto la diathemia. Nikamwonesha kadi, akazima mashine palepale. Hiyo kwetu ni marufuku kabisa, hata kifaa kikiwa kimezimwa.

Fundi Waya
Kabla ya betri, ulijaribiwa kwa mkondo gani? Ule wa zamani, mapigo 40 hadi 60 hivi kwa sekunde, unausikia kama ganzi inayotambaa. Ule wa mapigo 10,000 husikii chochote, ila unakula betri, kwa hiyo kwa kawaida huja na ya kuchaji na mjadala unaishia hapo. Uliza pia habari za MRI, kile kipimo cha picha za ndani ya mwili kwa sumaku, na ujibiwe kwa maandishi: mfumo mzima, waya zikiwemo, unaruhusu mwili wote au baadhi ya sehemu tu?

Subira
Ganzi niliisikia, kaka. Na nikilala chali inapanda ghafla, nilishtuka sana.

Fundi Waya
Ni kawaida. Ukilala chali ule ugwe wa neva ulio ndani ya uti wa mgongo husogea karibu na waya. Punguza kwa rimoti kabla hujalala. Na ukiendesha gari, zima, ganzi isije ikakupanda mguu ukiwa kwenye breki.

Mwendo Pole
Betri yoyote utakayochukua, wiki 6 hadi 8 za mwanzo usiiname, usijipinde, usinyanyue mikono juu ya kichwa. Mimi wiki ya pili niliokota kiatu. Waya ikasogea kidogo, mtetemo nikausikia mbavuni badala ya mguuni. Nashukuru walinirekebishia kwa programu bila kunifungua.

Subira
Asanteni mno. Mikono yangu ni mizima, ila nafanya kazi ya zamu, Jumapili yangu haina saa maalumu. Na nguvu niliyotumia kwenye majaribio ilikuwa ndogo. Nitamwuliza daktari isiyochajiwa ingedumu miaka mingapi kwa nguvu ileile.

Bibi Tulia
Muulize hivyohivyo, mwanangu. Mipangilio yako ya majaribio wanayo, hesabu inapigika. Ikikaribia miaka 2 chukua ya kuchaji, ikifika 5 njoo tuongee.