Krismasi Uingereza na watoto: theluji ipo kweli au tumewadanganya?

#1 mama_wawili
Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri kwa wanaoijua hali ya hewa ya Uingereza. Tunatua Heathrow tarehe 20 Desemba, mimi na watoto wawili (miaka 7 na 11), tunafikia kwa dada yangu Reading, mji ulio magharibi mwa London, kurudi Dar ni tarehe 4 Januari. Watoto wameshaahidiwa theluji ya Krismasi, na aliyeahidi ni babu yao, kwa hiyo hakuna kurudi nyuma. Je, Reading theluji huanguka tarehe 25? Kama hapana, wapi ndani ya nchi ile kuna matumaini, nina siku nne za kuhama? La mwisho: shemeji yangu ni Mwingereza, nikitaja theluji ananuna. Wenyeji wanaipenda au hawaipendi? Nisije nikaonekana nawaombea watu balaa.

#2 Kusi_na_Kaskazi
Dada, habari mbaya kwanza. Reading siku ya Krismasi jiandae na nyuzi 6 hadi 10, wingu zito na manyunyu. Jua linachomoza saa 2 na dakika chache asubuhi na kuzama kabla ya saa 10 alasiri.

Usidanganywe na vichwa vya habari. Met Office, mamlaka yao ya hali ya hewa, huhesabu "Krismasi nyeupe" ikiwa chembe moja tu ya theluji imeonekana ikianguka popote nchini ndani ya saa 24 za tarehe 25. Chembe moja! Ardhi inaweza kuwa imelowa chapachapa na bado mwaka huo ukaandikwa mweupe. Mwaka 2023 theluji ilianguka kwenye asilimia 11 ya stesheni za kupima hali ya hewa, lakini hakuna hata moja iliyoripoti theluji iliyolala chini. Wanachotaka watoto wako ni hiyo ya kulala chini, na hiyo ni adimu. Tangu 1960, Krismasi ambazo zaidi ya asilimia 40 ya stesheni zilikuwa na theluji ardhini ni nne tu: 1981, 1995, 2009 na 2010. Ya 2010 ndiyo kubwa kuliko zote, asilimia 83 ya stesheni.

Sababu ni bahari. Kisiwa kile kimezungukwa na maji ambayo mwezi Desemba bado yana joto la kiangazi. Bahari hufikia ubaridi wake wa mwisho Februari na Machi. Upepo wa kawaida unatoka magharibi na kusini-magharibi, unapita juu ya maji hayo, unaleta mvua. Theluji inahitaji upepo ugeuke. Ukivuma kutoka kaskazini, hupata Uskoti na pwani ya mashariki. Ukivuma kutoka mashariki, hewa ya Siberia inavuka Bahari ya Kaskazini na kumwaga theluji Kent, Norfolk na Newcastle, lakini upepo huo hupenda kuja baada ya mwaka mpya. Baridi kali ya 2018 iliyofunga barabara nchi nzima ilikuja mwisho wa Februari. Ndiyo maana Waingereza wanaona theluji nyingi zaidi siku za Pasaka kuliko wanavyodhani, na kidogo zaidi Krismasi kuliko kadi zao zinavyoonyesha.

Kalenda nayo ina mkono wake. Mwaka 1752 Waingereza walirukisha siku 11, tarehe 2 Septemba ikafuatwa na 14. Krismasi ya mababu zao ilikuwa inaangukia siku tunazoziita leo mwanzoni mwa Januari, ndani zaidi ya baridi.

#3 jembe_butu
Si mngewapeleka Kibo tu, theluji ya nyumbani, hakuna viza 😂

#4 Kusi_na_Kaskazi
@jembe_butu wa miaka 7 haruhusiwi kupanda hadi kileleni, lazima awe ametimiza miaka 10. Tuendelee.

#5 reli_na_lami
Kuhusu wapi. Ndani ya nchi ile chagua urefu kutoka usawa wa bahari kabla ya kuchagua jina la mji. Kila mita 100 unazopanda, hewa inapoa kwa zaidi kidogo ya nusu nyuzi. Mvua ya nyuzi 2 bondeni ni theluji kamili mita 300 juu yake. Kwa hiyo Aviemore, kwenye milima ya Cairngorms Uskoti. Mji wenyewe uko kama mita 200 tu na unaweza kukuta nyasi za kijani Krismasi, lakini mlima Cairn Gorm wenye mita 1,245 uko karibu, na barabara inapanda hadi pale watu wanapoteleza kwenye theluji. Unaifuata theluji kwa gari, huisubiri mlangoni. Kuna na kundi la kulungu wa Aktiki wanaofugwa huko tangu 1952, kwa hiyo hata theluji ikigoma, wa miaka 7 hatalia.

Ugumu uko kwenye usafiri, na hapa ndipo wageni wengi wanakwama. Tarehe 25 treni HAZITEMBEI, nchi nzima. Treni za chini ya ardhi London hakuna, mabasi ya London hakuna. Tarehe 24 jioni zinafungwa mapema, tarehe 26 ni chache mno, na siku hizo za mapumziko ndizo wanazotumia kukarabati reli, stesheni nzima inaweza kufungwa. Mpango wa "tutaangalia asubuhi ya Krismasi tukiona inaanguka twende" haupo. Uwe umeshafika tarehe 23.

Kutoka stesheni ya King's Cross, London, kuna treni moja ya mchana isiyobadilishwa inayopita Aviemore kwenda Inverness, safari ya kama saa saba na nusu hadi Aviemore. Tiketi za mapema ni nafuu sana kuliko za siku ile ile. Hoteli chukua ile inayokubali kughairi bila faini hadi siku mbili kabla, hata kama ni ghali kidogo.

Mkikodi gari: sheria ya Uingereza hailazimishi tairi za baridi, na gari la kukodi kwa kawaida halina. Muulize mwenye gari kwa maandishi kama tairi zina alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Kina cha meno ya tairi kisheria ni milimita 1.6, lakini kwa baridi usikubali chini ya 3. Kwenye barafu umbali wa kusimama unaweza kuwa mara kumi ya kawaida. Ondoka kwa gia ya pili, usikanyage breki kwa pupa, na ukikuta geti la theluji limefungwa barabarani, usitafute njia ya panya. Barabara ya A939 inayopita Lecht, njia ya milimani, inajulikana kwa kufungwa kila mwaka, ramani ya simu ikikupitisha huko ikatae.

#6 chai_maziwa
Nijibu la wenyeji maana ndilo linaloeleweka vibaya.

Mwingereza anaipenda theluji ya Krismasi, ila ana saa anayoitaka. Tarehe 23 na 24 nchi nzima iko barabarani: watoto wanarudi kwa wazazi, bibi anafuatwa Leeds, mtu ana bata mzinga kwenye buti la gari. Theluji ikianguka hapo ni msiba, sentimita tatu zinatosha kulaza watu uwanja wa ndege. Ikianguka usiku wa 24 baada ya kila mtu kufika na mlango kufungwa, ni baraka, hata wazee wanasimama dirishani. Ikibaki hadi 28 imegeuka uji mweusi pembeni mwa barabara na wameshaichoka. Shemeji yako akinuna, muulize kama kuna mtu atakayeendesha kumfuata mama yake.

Halafu kuna kubeti. Kila Desemba kampuni za kamari zinatoa odi za Krismasi nyeupe mji kwa mji, na mkeka unalipa kwa ile chembe moja aliyoisema Kusi. Zamani macho yote yalikuwa kwenye paa moja la Met Office pale London. Ni mchezo wa kusemea tu, kama sisi na mvua za vuli, mtu anaweka pauni moja apate la kuzungumza kazini.

Wageni tunawacheka kwamba nchi tajiri inasimama kwa theluji ya kufika kwenye kifundo cha mguu. Lakini hesabu yao ina akili: kununua mitambo ya kusukuma theluji kwa siku mbili tatu za mwaka kusini mwa nchi ni kutupa pesa. Kaskazini wanayo. Uskoti wamefikia kuyapa majina ya utani magari ya kumwaga chumvi, na unaweza kuyafuatilia kwenye ramani mtandaoni yakitembea usiku.

Na ukifika Aviemore utakuta hisia nyingine kabisa. Krismasi kwa Waskoti haikuwa hata sikukuu ya serikali hadi 1958, sherehe yao kubwa ni mwaka mpya. Theluji kwao ni kazi: hoteli, kukodisha vifaa, walimu wa kuteleza. Hawakuulizi kama itaanguka, wanauliza upepo, kwa sababu upepo ndio unaofunga lifti za mlimani hata theluji ikiwa tele. Kule ukishangilia theluji hakuna atakayenuna.

Wanaoiogopa kwa dhati ni wazee, kwa kuanguka na kuvunjika nyonga, na wafugaji wa kondoo milimani. Mbele yao usishangilie sana.

#7 mama_wawili
Asanteni sana, nimeelewa kuliko nilivyotarajia. Nguo je? Nimepanga kutafuta makoti mitumba kabla ya kuondoka. Na pasipoti zetu za Tanzania, tukishafika Uingereza hatuwezi kuruka hadi Finland kirahisi?

#8 chai_maziwa
Finland ni viza nyingine, ya Schengen (viza moja ya nchi nyingi za Ulaya), ile ya Uingereza haikuingizi. Maombi kwa kawaida huchukua siku 15, na yaombewe nyumbani kabla ya safari. Rovaniemi tarehe 25 karibu uhakika wa theluji, ila bei za wiki hiyo ni za kukata pumzi na mchana ni mfupi mno, jua linachungulia kwa muda wa kama saa mbili tu, mwanga mwingine ni kama wa alfajiri. Kwa mtoto wa miaka 7 fikiria mara mbili.

Mitumba ni wazo zuri, ila usinunue kwa unene. Theluji ya Uingereza ni ya maji, koti nene lisilozuia maji linageuka sponji. Geuza koti ndani nje, tazama mishono: iwe na utepe uliobandikwa. Utepe ukiwa unabanduka kama ngozi ya kitunguu, achana nalo. Mwaga kijiko cha maji begani. Yakisimama kama matone, sawa, yakizama kitambaa kikawa cheusi, hapana. Zipu ivute mara tano ukiwa umevaa soksi mkononi, maana ndivyo itakavyovutwa na mtoto mwenye glavu.

Ndani ya koti: fulana ya kubana ya sufu au polista, si pamba. Pamba ikilowa jasho haikauki na ndiyo inayowatetemesha watoto. Juu yake sweta la manyoya. Jinzi ziacheni Reading. Viatu vizidi saizi moja ili soksi nene iingie na vidole vicheze; kiatu kikibana, damu haipiti na mguu unaganda hata uvae soksi tatu. Glavu za wa miaka 7 ziwe zile za vidole vinne pamoja, na uchukue jozi mbili, moja italowa ndani ya nusu saa.

#9 fundi_boila
Kwa dada mwenye nyumba, kama baridi itashuka chini ya sifuri siku kadhaa: boila za kisasa (mitambo ya kupasha maji na nyumba joto) zina bomba dogo la plastiki jeupe linalotoka nje ya ukuta kumwaga maji. Likiganda, boila inajizima na inatoa sauti ya gugugu, na siku ya Krismasi fundi hupati. Chukua maji ya vuguvugu, si yanayochemka, mwagia bomba lile kutoka mwisho wake kupanda juu, kisha washa upya. Bomba la milimita 21.5 ndilo linaloganda. Siku nyingine aweke la 32 na alivishe sponji.

Kizingitini tumia chumvi ya jikoni, kijiko kimoja cha chakula kwa kila mita ya mraba, imwage jioni kabla ya baridi. Usimwage maji ya moto. Yataganda upya yakiwa wembamba wa kioo, mtu haoni, anateleza.

#10 reli_na_lami
Nyongeza ya akiba: Hemel Hempstead na Milton Keynes kuna majumba ya kutelezea yenye theluji halisi ndani, yote mawili yanafikika kutoka Reading kwa siku moja. Weka nafasi tarehe 22 au 27, angalia kwanza masharti ya umri. Babu atakuwa ametimiza ahadi kwa namna moja.

#11 mama_wawili
Nimeamua: hoteli ya kughairi Aviemore 23 hadi 27, na hilo jumba kama akiba. Swali la mwisho, nitajuaje kabla ya kupanda treni kama kweli itaanguka?

#12 Kusi_na_Kaskazi
Utabiri wa theluji wa kuaminika ni siku tano, zaidi ya hapo ni mapambo ya magazeti. Tarehe 20 ukishatua fungua utabiri wa Met Office, soma mwelekeo wa upepo kwanza. Kaskazini au kaskazini-mashariki, nenda. Kusini-magharibi na nyuzi 9 Aviemore, ghairi hoteli kabla tarehe 21 haijaisha, baada ya hapo faini inaanza.

Na usiku ukiwa huko, zima taa ya chumbani utazame taa ya barabarani. Mvua inashuka mistari iliyonyooka. Theluji inayumba, na ikiwa ya maji inashuka mabonge makubwa, mazito, yanayoyeyuka yakigusa lami. Usiangalie lami. Angalia mapaa ya magari, halafu nyasi. Paa la gari likigeuka jeupe ndani ya dakika kumi, waamshe.