Kuhusu: TSH yangu bado iko juu, je, niongeze dozi?

Kutoka kwa dada, Leicester

Ndugu zangu, asalaam aleikum. Mwezi uliopita daktari aliniambia kwamba tezi yangu ya thairoidi imedhoofika, akanianzishia levothairoksini, yaani vidonge vya homoni ya tezi hiyo, mikrogramu 50 kwa siku. Wakati huo TSH, homoni inayoihimiza tezi hiyo, ilikuwa 14.2, na T4 huru, yaani homoni ya tezi yenyewe katika damu, ilikuwa 9. Wiki ya nne niliomba nipimwe tena kwa kuwa uchovu haujaniacha, na sasa TSH ni 7.8 na T4 huru 13; karatasi imeandikwa tu kwamba matokeo si ya kawaida. Dada yangu aliyeko Marekani anatumia dawa hiyohiyo na T4 yake ni 1.2, jambo lililonitia hofu zaidi. Yeye ananishauri nimeze vidonge viwili badala ya kimoja. Naomba mwenye ujuzi anieleweshe kabla sijafanya lolote.

Kutoka kwa mfamasia, Birmingham

Wa aleikum salaam, dada, na pole sana. Tafadhali usijiongezee kidonge. Namba zako zinaonyesha kwamba dawa imeanza kufanya kazi, isipokuwa damu imepimwa mapema mno kuweza kuamua dozi.

TSH haitoki kwenye tezi ya shingo. Hutolewa na pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, ambayo kazi yake mojawapo ni kuihimiza thairoidi itengeneze homoni; homoni ikipungua mwilini, himizo huongezeka, na ndiyo sababu TSH hupanda pale tezi inapozembea. Levothairoksini nayo ni dawa ya mwendo wa taratibu, kwani nusu ya kiasi kilichomo mwilini huchukua takriban wiki moja kuondoka, hivyo kila dozi inapobadilishwa kiwango chake katika damu huhitaji wiki kadhaa kutulia, na pituitari huchelewa zaidi ya hapo kuitambua hali mpya. Kwa hiyo kipimo cha maana ni cha wiki ya sita hadi ya nane. T4 yako imeshapanda kutoka 9 hadi 13, TSH imeshuka karibu nusu, na huenda ikaendelea kushuka kwa dozi hiyohiyo.

Kuhusu dada yako wa Marekani, maabara za kule hutumia kizio kingine. Ukizidisha 1.2 yake kwa 12.9 utapata kama 15 kwa kizio cha Uingereza, kwa hiyo hampishani sana. Kila mara soma namba yako pamoja na kiwango cha kawaida kilichochapishwa kando yake, maana maabara hutofautiana hata ndani ya nchi moja.

Nakusihi usikubali ushauri wa kumeza viwili. Homoni ikizidi, moyo huenda mbio na unaweza kupoteza mpangilio wa mapigo, na ikizidi kwa muda mrefu hudhoofisha mifupa, hasa ya wanawake waliokoma hedhi. Daktari akiona haja ya kuongeza, kwa kawaida hupanda kwa mikrogramu 25 tu, kisha husubiri tena. Mwongozo wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba inayofuatwa hapa Uingereza, unataka TSH ipimwe kila miezi mitatu hadi itulie, halafu mara moja kwa mwaka.

Kabla ya kuigusa dozi, tazama unavyomeza. Wengi wetu huamka na chai ya maziwa, na kidonge huteremshwa na chai hiyo. Maziwa yana kalsiamu, ambayo huizuia dawa isifyonzwe vizuri, na kahawa pia huipunguza. Meza kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu, usubiri nusu saa au, bora zaidi, saa nzima kabla ya kunywa chai. Vidonge vya madini ya chuma au vya kalsiamu viachanishe na dawa hii kwa muda wa saa nne. Ikiwa unatumia vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini, mwambie daktari, kwa sababu katika baadhi ya mashine biotini huivuruga namba yenyewe, TSH ikaonekana chini kuliko ilivyo. Siku ya kupimwa nenda asubuhi, na kidonge cha siku hiyo ukimeze baada ya kutolewa damu.

Uchovu nao unaweza kuwa na chanzo kingine, kwa hiyo omba upimwe wingi wa damu, akiba ya madini ya chuma, B12 na vitamini D. Ukipata ujauzito, mpigie daktari siku hiyohiyo bila kungoja miadi, maana mahitaji ya homoni hupanda mapema.

Jambo la mwisho ni la fedha. Kwa kuwa unaishi England, ugonjwa huu unakupa haki ya kupata dawa zako zote bila malipo. Omba kwa daktari wako fomu FP92A, ya kuombea cheti cha msamaha wa malipo. Cheti hudumu miaka mitano.

Kutoka kwa mama, Cardiff

Ahsanteni wanangu. Mimi natumia dawa hii kwa miaka mingi. Je, mwezi wa Ramadhani niimeze saa ngapi, na nikisafiri Mombasa niihifadhi vipi?

Kutoka kwa mfamasia, Birmingham

Shikamoo mama. Unaweza kuimeza nusu saa kabla ya daku, au wakati wa kulala ikiwa zimepita saa tatu au zaidi tangu ulipokula. Chagua wakati mmoja uushike mwezi mzima, na ukipimwa karibu na hapo umweleze daktari kuwa ulibadilisha saa. Safarini, iweke kwenye mkoba wa mkononi ikiwa ndani ya pakiti yake, pamoja na nakala ya karatasi ya daktari. Pakiti nyingi za hapa zinataka joto lisizidi nyuzi 25, na joto la Mombasa huvuka hapo, basi itunze katika chumba chenye ubaridi, mbali na jiko na dirisha lenye jua. Chukua ya kutosha safari nzima na ya wiki moja ya ziada, ili usilazimike kuhamia aina nyingine ya kidonge katikati ya safari.