Mrejesho: picha kutoka kijivu

Niliuliza kwa nini picha zangu za filamu, tangu nirudie kuzisafisha mwenyewe hapa Mombasa, zinakosa weupe. Aliyenishauri nipime karatasi ya kuchapia picha, Mungu akubariki. Gizani, hata taa nyekundu ya kufanyia kazi imezimwa, nilikata vipande viwili visivyopigwa mwanga: kimoja kikapita developa (dawa ya kuitoa picha) kisha fiksa (dawa ya kuikaza isiathiriwe tena na mwanga), kingine fiksa tu. Hicho kingine kimetoka cheupe pepepe, cha kwanza kijivu. Basi ni karatasi, si taa! Joto na unyevu wa pwani vimeiharibu kabatini. Mpya naiweka kwenye friji, na siifungui mpaka ubaridi uishe, isije ikatoka jasho. Developa naishusha hadi nyuzi 20 kwa chupa za barafu. Jana nimechapa jahazi: tanga jeupe, kivuli cheusi ti. Nimefurahi mno.