Mjadala: Mwanaanga anapangiwa usingizi, sisi wa zamu ya usiku je?

Mpokea Wageni, Kiwengwa (mwanzisha mada)
Assalamu alaykum wanabaraza. Swali langu: sheria yetu ya kazi hapa Zanzibar iingilie rosta za usiku, au tuwaachie wenye hoteli?

Mwaka wa sita huu niko mapokezi kwenye hoteli moja, jina nalihifadhi. Tuko wanne. Rosta yetu ni siku mbili usiku, mbili mchana, mbili asubuhi, mbili mapumziko. Maana yake natoka usiku saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana ya siku hiyohiyo narudi kaunta. Hapo katikati kuna daladala, joto, watoto wa jirani. Mwezi uliopita nilimpa mgeni ufunguo wa chumba chenye watu ndani. Mke kajifunga taulo, mume anafoka kwa Kitaliano. Nikakatwa mshahara.

Sasa waangalieni walio kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu. Wako kilomita 400 hivi juu yetu, wanaizunguka dunia kila dakika 90, jua linawachomozea mara 16 kwa siku. Saa yetu ya Kiswahili huko haifai kitu: kabla hujafika saa tatu asubuhi, magharibi imeshaingia. Kwa hiyo wanafuata saa ya Greenwich, wanapangiwa muda wa kulala, na tangu 2016 NASA imekuwa ikibadilisha taa za tyubu na kuweka zenye hali tatu: ya kazi za kawaida, nyeupe iliyoingia buluu ya kuuchangamsha mwili, na ya manjano hafifu kabla ya kulala. Juu ya yote hayo, utafiti uliotoka 2014 ulikuta wanalala kama saa sita tu kwa wastani, na wengi wao walimeza dawa za usingizi.

Kama wao wanataabika hivyo, mimi wa daladala?

Hesabu Kwanza
Ndugu, mwanaanga akikosea kitufe, chombo kinapotea na roho za watu. Wewe ukikosea ufunguo, mgeni ananuna. Mie nina nyumba ya wageni ya vyumba tisa na wafanyakazi watatu. Sheria ikisema niajiri wa nne, nafunga.

Mtoto wa Konde
Babu yangu alitega madema miaka arobaini. Maji yakitaka atoke saa tisa usiku, anatoka. Hakuwa na taa ya manjano wala ya buluu. Vijana mnadeka.

Mwalimu wa Bayolojia, Wete
Konde, babu yako ni ushahidi wangu, si wako. Maji hayamshtui mvuvi. Kila siku yanachelewa kwa kama dakika 50, na yeye anasogea nayo, mbele, pole pole. Saa ya mwili wa binadamu nayo, ikiachwa peke yake, huenda polepole kidogo kuliko siku: saa 24 na dakika kumi hivi. Ndiyo maana kuchelewa kulala ni rahisi kuliko kuwahi. Bahari inamsukuma babu mbele. Rosta ya ndugu yetu inamvuta nyuma: usiku, mchana, asubuhi.

Na hilo la kudeka, hapana. Nendeni magharibi mkautazame mkwaju ukifumba majani. Mfaransa mmoja, de Mairan, mwaka 1729 aliufungia gizani mmea unaodhaniwa kuwa kifauwongo, ukaendelea kufumbua asubuhi na kufumba usiku bila kuliona jua. Waliobaki na shaka wakasema labda ni mzunguko wa dunia unaoupa habari. Basi mwaka 1983 ukungu wa rangi ya chungwa, ule wa kwenye mkate, ulipandishwa angani na chombo cha Wamarekani kiitwacho Columbia. Huko juu uliendelea kuhesabu siku zake, ingawa mdundo ulififia kidogo. Saa imo ndani ya kiumbe. Huiambii nyamaza ikanyamaza.

Ustadh wa Malindi
Nyongeza fupi tu. Sheikh Muszaphar Shukor, mwanaanga wa Malaysia, alipopanda kituoni 2007, mwezi wa Ramadhani, nchi yake ilimwandikia mwongozo: nyakati za sala afuate za mahali aliporukia. Yaani hata ibada hazikufuata dirisha.

Muuguzi
Mimi naogopa mkisema usiku usibadilishwe haraka. Nimewahi kukesha wiki tatu mfululizo, nikawa namwita mwanangu kwa jina la mgonjwa. Bora mbili nizimalize. Na msije mkaridhishwa na pesa. Sheria ya Bara ya 2004 inaongeza asilimia 5 kwa saa ya usiku. Sisi tuna yetu ya 2005, na tukiigusa tuseme saa za kupumzika baina ya zamu, tusianze na pesa. Shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliiweka kazi ya usiku kati ya mambo ambayo huenda yanasababisha saratani, 2007, na 2019 likarudia.

Mpokea Wageni, Kiwengwa
Mwalimu, nimeigeuza nyuma ya fomu ya usajili: mbili asubuhi, mbili mchana, mbili usiku, mbili mapumziko. Watu walewale wanne, hakuna wa kuongeza. Zile saa nane baina ya zamu zimekuwa 24! Sheria bado naitaka, lakini hii naipeleka kwa msimamizi Jumamosi.

Hesabu Kwanza
Kwa watatu haikai, nimejaribu. Nikishika kaunta mwenyewe ndio tunatimia wanne. Hebu ipige picha hiyo fomu uitume.